Daftari la mvua: jinsi ya kupima na kuandika mvua ya nyumbani kwako

Asubuhi moja ya mwezi Novemba, miaka kadhaa iliyopita, niliingia studio nikiwa nimelowa. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha hapa mjini. Nilipofungua kipaza sauti nikasema kwa furaha, "Wakulima wetu, mvua hiyo, imeanza!" Sikuwa nimesoma utabiri wowote. Nilisema hivyo kwa sababu viatu vyangu vilikuwa na tope.

Wiki 3 baadaye mzee mmoja alipiga simu kwenye kipindi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, ulituambia mvua imeanza. Nikapanda karanga zangu zote. Zimeota, na sasa zimekauka. Hiyo mvua uliyoiona wewe ilikuwa milimita ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nikisoma milimita kwenye taarifa ya hali ya hewa kila siku, lakini sikujua milimita 1 ya mvua inaonekanaje. Siku ile ndiyo iliyonifanya nitafute kopo, rula na daftari. Nilianza kwa aibu. Leo ni jambo ninalolipenda sana, na nikikosa kulifanya siku moja sijisikii vizuri.

Wasikilizaji wengi wamekuwa wakiuliza namna ya kuanza. Makala haya yanaeleza kifaa unachohitaji, namna ya kupima na kuandika, raha utakayoipata na mambo yatakayokukatisha tamaa. Unaweza kuyahifadhi kwenye simu yako uyasome kidogo kidogo.

Milimita 1 ya mvua ni nini?

Fikiria uwanja ulio tambarare kabisa, usionywesha maji wala kuyaacha yatiririke. Mvua ikinyesha, maji yatasimama juu ya uwanja huo. Kina cha maji hayo ndicho tunachokipima. Yakisimama kwa kina cha milimita 1, basi imenyesha milimita 1. Yakifika sentimita 1, imenyesha milimita 10.

Kuna njia nyingine rahisi ya kukumbuka. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba. Chukua nyumba yenye bati la mita 6 kwa mita 5, yaani mita 30 za mraba. Ikinyesha milimita 20, bati hilo linapokea lita 600, sawa na madumu 30 ya lita 20. Hutayapata yote, kwa sababu mengine yanaruka na mengine yanavuja kwenye mfereji wa bati, lakini unaona ukubwa wake. Shamba la eka 1 likipata milimita 10 linakuwa limepokea kama lita elfu 40.

Ukishaelewa hivyo, taarifa ya hali ya hewa redioni haitakuwa tena namba zinazopita tu.

Nani walianza kuandika mvua?

Kazi hii ni ya zamani. Nchini Korea, wakati wa Mfalme Sejong, vipimo vya mvua vya muundo mmoja vilianza kutengenezwa mwaka 1441, na maofisa wa wilaya wakatakiwa kupima na kupeleka taarifa. Kule kaskazini mwa Uingereza, bwana mmoja aitwaye Richard Towneley alianza kupima mvua nyumbani kwake mwaka 1677. Hakulipwa na mtu. Alitaka tu kujua.

Mwaka 1860, Mwingereza mwingine, George Symons, alianza kukusanya vipimo vya watu wa namna hiyo: wachungaji, walimu, watunza bustani na watu wa kawaida waliokuwa na kipimo uani. Karatasi zao zilikaa kwenye hifadhi miaka mingi bila kuingizwa kwenye kompyuta. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, zaidi ya watu 16,000 walijitolea kunakili karatasi 65,000 za mvua za kuanzia mwaka 1677 hadi 1960. Namba zilizopatikana zilizidi milioni 5. Kutokana nazo wataalamu walitambua kwamba mwaka mkavu kuliko yote katika kumbukumbu za Uingereza ulikuwa 1855. Watu waliopima mwaka huo walikuwa wamekufa zamani, lakini madaftari yao yalikuwa bado yanazungumza.

Hapa kwetu pia, vituo vingi vya misheni na mashamba makubwa ya mkonge, chai na kahawa viliandika mvua kwa miaka mingi. Ukiwa na misheni ya zamani karibu, uliza. Huenda kuna daftari kabatini ambalo hakuna aliyelifungua siku nyingi.

Kutengeneza kipimo cha nyumbani

Kipimo rasmi ni silinda ya chuma au plastiki yenye mdomo wa mviringo, faneli na chupa ndani. Kama unaweza kununua kipimo cha plastiki chenye mistari, nunua. Kama huwezi, kipimo cha nyumbani kinatosha kukufundisha mengi.

Unahitaji kopo au chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, rula, na bomba la sindano lisilo na sindano, linalouzwa duka la dawa. Chukua la mililita 10 au 20.

Kwa chupa ya maji ya lita 1.5, chagua isiyo na kiuno. Kata sehemu ya juu pale mabega yanapoanza. Ondoa kizibo, kisha geuza kipande hicho cha juu kichwa chini na ukitumbukize ndani ya chupa kama faneli. Faneli inazuia maji yasikauke haraka kwa jua na inazuia majani yasiingie. Hakikisha mdomo wa chupa haukupinda baada ya kukata.

Sasa fanya hesabu moja ambayo hutairudia tena. Pima upana wa mdomo kwa sentimita, kutoka ukingo hadi ukingo ukipita katikati. Gawa kwa 2. Zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 3.14. Mwisho gawa kwa 10. Jibu ni idadi ya mililita zinazofanya milimita 1 ya mvua kwenye kipimo chako.

Mfano: mdomo una upana wa sentimita 10. Nusu yake ni 5. Mara 5 ni 25. Mara 3.14 ni 78.5. Gawa kwa 10, unapata 7.85. Kwa hiyo kila mililita 7.85 za maji ni milimita 1 ya mvua. Asubuhi ukivuta maji kwa bomba la sindano ukapata jumla ya mililita 157, gawa kwa 7.85. Jibu ni milimita 20.

Ukibahatika kupata kopo lenye mdomo wa sentimita 11.3, hesabu inakuwa nyepesi zaidi: kila mililita 10 ni milimita 1. Bomba moja la mililita 20 ni milimita 2. Kopo la namna hiyo linafaa sana kwa mtoto wa shule kupima mwenyewe.

Wengine hutumbukiza rula tu ndani ya kopo na kusoma kina cha maji. Inawezekana kama kopo limenyooka tangu juu hadi chini na kitako chake ni tambarare. Chupa nyingi za plastiki zina kitako chenye vibonde, kwa hiyo rula itakudanganya. Ndiyo maana napendekeza bomba la sindano.

Mahali pa kukiweka

Kosa la watu wengi ni kuweka kopo karibu na ukuta ili lisipeperushwe. Ukuta unazuia mvua inayokuja na upepo. Mti unazuia mvua mwanzoni, kisha unadondosha matone hata mvua ikishaacha. Chini ya upenu wa bati ndipo pabaya kuliko pote, maana utapima maji ya nyumba nzima.

Tafuta mahali pa wazi. Kanuni nzuri ni hii: kama kuna kitu chenye urefu wa mita 3, kaa mbali nacho angalau mita 6. Ukiweza kwenda mbali zaidi, ni bora. Mdomo wa kipimo uwe juu ya ardhi kiasi cha sentimita 30 au zaidi, ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Wengi hukifunga kwenye nguzo fupi, mdomo ukiwa umepita kidogo juu ya nguzo. Hakikisha mdomo umelala sawasawa, haukuinama upande.

Zungushia miiba au vijiti kidogo, vifupi kuliko mdomo wa kipimo. Mbuzi na kuku ni maadui wa kipimo cha mvua. Mbuzi wa jirani aliwahi kunywa mvua yangu ya usiku mzima, na akamalizia kwa kutafuna faneli.

Kupima na kuandika

Pima kila siku saa 3 asubuhi, mvua iwe imenyesha au haikunyesha. Huo ndio muda ambao vituo vya hali ya hewa hapa kwetu hupima mvua ya saa 24 zilizopita. Ukipima muda huohuo, namba zako zinaweza kulinganishwa na za wengine. Kama saa 3 uko shambani au kazini, chagua muda mwingine unaouweza, uandike kwenye ukurasa wa kwanza, usiubadilishe.

Mwaga maji yote baada ya kupima. Yakibaki yatachanganyika na ya kesho, na pia yatazaa mbu.

Daftari la kawaida la shule linatosha. Chora safu 4: tarehe, milimita, muda mvua iliponyesha, na maelezo. Ukurasa mmoja utoshe mwezi mmoja, ili jumla ya mwezi uiandike chini kabisa. Tumia penseli. Wino wa kalamu ukilowa unatoweka, penseli inabaki.

Hizi ndizo kanuni ninazoshika:

Kama haikunyesha, andika 0. Usiache wazi.

Kama yalianguka manyunyu yasiyopimika, andika "manyunyu".

Kama hukupima, andika "sikupima". Usiandike 0, na usikisie.

Kama hukupima siku 2 na maji ya siku zote 2 yamo ndani ya kopo, andika jumla kwenye siku uliyopima na ueleze pembeni kuwa ni ya siku 2.

Tarehe ya kuandika iwe ile ya siku uliyopima, siku zote. Ukimpa mtu mwingine daftari lako, mwambie hivyo, maana wengine huandika tarehe ya jana.

Ukihamisha kipimo au kubadilisha kopo, andika siku hiyo na sababu.

Safu ya maelezo ndiyo tamu. Andika unachokiona: kumbikumbi wametoka, mpingo umechanua, mto umekata barabara, mahindi ya jirani yameanza kujikunja majani, mtoto amezaliwa. Ukisoma ukurasa huo miaka 5 baadaye, namba itakuonyesha mvua na neno lililo pembeni litakurudishia siku yenyewe.

Raha ya daftari

Raha ya kwanza ni kukisia. Mvua ikipiga juu ya bati usiku, lala ukisikiliza, uchague namba kichwani. Asubuhi upime. Mwezi wa kwanza mimi nilikuwa nakosea vibaya. Mvua niliyoiita ya gharika, iliyopiga bati hadi hatusikilizani, ilikuwa milimita 9. Mvua nyingine ya polepole iliyoanza saa 10 alfajiri, ambayo hata sikuiheshimu, ilikuwa milimita 31. Kumbe kelele si wingi. Nyumbani kwetu sasa kila mtu anasema namba yake kabla ya chai, na aliyekaribia zaidi haoshi vyombo.

Raha ya pili ni kugundua kwamba mvua ina mipaka. Hapa kanda ya kati, mvua nyingi hutoka kwenye mawingu mazito yanayojijenga mchana na kumwaga sehemu moja. Nilimpa rafiki yangu anayekaa kama kilometa 4 kutoka kwangu kopo kama langu. Kuna siku yeye alipata milimita 26, mimi nilipata manyunyu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mzee yule alikuwa na haki ya kulalamika. Mvua niliyoitangaza ilinyesha mjini, kwake huenda haikuzidi milimita 5.

Raha ya tatu ni kuona mwaka wote kwa mpigo. Kwenye maeneo ya msimu mmoja kama Dodoma na Singida, mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Maeneo ya kaskazini, pwani na ukanda wa Ziwa Victoria yana vuli kati ya Oktoba na Desemba, kisha masika kati ya Machi na Mei. Tunayajua hayo tangu darasani. Lakini kuyaona kwenye daftari lako mwenyewe, kwa mwandiko wako, pamoja na ile mapumziko ya mvua ya Januari au Februari inayowatia watu hofu, ni jambo jingine kabisa.

Changamoto zake

Sasa nisikufiche. Watu wengi wanaoanza huacha kabla ya mwaka kwisha. Sababu ni hizi.

Kiangazi kinachosha. Huku kwetu kuanzia Mei hadi Oktoba unaweza kuandika 0 miezi mingi mfululizo. Hakuna raha kwenye 0 ya mia. Lakini hizo 0 ni kumbukumbu pia. Bila hizo huwezi kujua kiangazi kilikuwa cha siku ngapi. Mimi kiangazi huandika 0 na neno moja tu kuhusu upepo, baridi au ndege, ili mkono usisahau.

Kishawishi cha kukisia ni kikubwa. Mwaka wangu wa pili nilikwenda msibani siku 6. Niliporudi nilikuta maji kwenye kopo, nikayagawanya kwenye siku hizo 6 kwa kubuni, ili ukurasa usiwe na pengo. Siku moja nikaipa milimita 11. Baadaye jirani akanionyesha picha za harusi ya binti yake ya tarehe hiyohiyo. Watu wamekaa nje, vumbi tupu. Nilifuta ukurasa mzima. Pengo lililoandikwa "sikupima" ni la kweli. Namba ya kubuni inaharibu hata zile za kweli zilizo jirani yake, kwa sababu hujui tena uamini ipi.

Watu watasema. Hili si dogo. Vijijini mtu anayetoka kila asubuhi kuinama juu ya kopo lililofungwa kwenye nguzo, kisha anaandika, huulizwa maswali. Mvua ikichelewa, wapo watakaonong'ona kwamba unaifunga. Dawa yake ni uwazi. Mweleze balozi au mwenyekiti wa kitongoji mapema. Weka kipimo mahali watu wanapokiona. Acha watoto wa majirani wapime pamoja nawe. Nenda nacho shuleni siku moja. Jambo linalofanywa mchana mbele ya wote halina uchawi.

Upweke. Kuna siku utajiuliza unamwandikia nani. Hakuna anayekulipa wala anayekuuliza. Tafuta mwenzako mmoja tu mwenye kopo. Kila jioni ya Jumapili mtumiane namba za wiki kwa ujumbe wa simu. Anayejua kwamba kuna mtu anaisubiri namba yake huwa haachi kupima.

Daftari hupotea. Mchwa, panya, bati linalovuja na mtoto anayetafuta karatasi ya kuchorea, wote wanalitamani. Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki na ulitundike. Kila mwisho wa mwezi lipige picha kwa simu. Usitegemee simu peke yake, kwa sababu simu huibiwa na huharibika. Mtumie picha hiyo mtu mwingine, ndugu au yule mwenzako wa Jumapili, ili ukurasa uwe mahali 2.

Linasaidia nini shambani?

Hapa ndipo karanga za mzee yule zinapokuja.

Hatari kubwa ya mwanzo wa msimu ni mvua ya kudanganya: inanyesha siku moja au mbili, watu wanapanda, mbegu zinaota, kisha jua linawaka wiki 2 au 3. Mbegu imekwenda, na fedha ya kununua nyingine hakuna. Wataalamu wengi wa kilimo hutumia kiasi cha kama milimita 20 ndani ya siku 1 hadi 3 kama dalili ya kwanza kwamba udongo umepata maji ya kuotesha mbegu, ilimradi hakufuati kipindi kirefu cha ukavu. Sehemu ya kwanza, kopo lako linakuonyesha. Sehemu ya pili, kopo haliwezi kuijua. Ni lazima usikilize utabiri.

Kwa hiyo daftari na utabiri vinafanya kazi pamoja. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa mwelekeo wa msimu kabla ya vuli, mvua za msimu na masika, pamoja na utabiri wa kila siku. Utabiri unazungumzia eneo pana na siku zijazo, wakati daftari linazungumzia shamba lako na siku zilizopita. Ukiviweka pamoja unaweza kumfuata bwana shamba au bibi shamba na swali lenye namba: "Nimepata milimita 24 kwa siku 2, udongo wangu ni wa kichanga, nipande mtama sasa au nisubiri?" Hilo ni swali linalojibika.

Chimba pia. Baada ya mvua, chukua jembe uone unyevu umeingia hadi wapi. Andika kina hicho kwenye safu ya maelezo. Milimita 20 kwenye udongo wa kichanga haziingii sawa na milimita 20 kwenye mbuga ya udongo mweusi. Baada ya misimu michache utajua shamba lako linahitaji kiasi gani.

Tahadhari moja: kukumbuka mvua si kuitabiri. Usitangazie watu utabiri kwa kutumia daftari lako. Kutoa utabiri na tahadhari kwa umma ni kazi ya TMA, na makosa yake ni mazito, kama nilivyojifunza mimi. Ukitamani kwenda mbele zaidi, kuanzisha kituo rasmi au kutoa takwimu zako zitumike, anzia ofisi ya TMA iliyo karibu nawe.

Maswali tunayoulizwa mara nyingi

Sijui kusoma vizuri. Naweza? Ndiyo. Mtafute mjukuu au mtoto wa jirani aandike, wewe upime. Ni kazi nzuri ya watu 2.

Miaka mingapi ndiyo ya maana? Msimu mmoja unakufundisha kupima. Misimu 3 au 4 inakuonyesha tofauti. Wataalamu wanapozungumzia wastani wa mvua wa mahali hutumia miaka 30. Usiogope namba hiyo. Kila daftari la miaka 30 lilianza na siku moja.

Mvua ya mawe nipime vipi? Subiri mawe yayeyuke ndani ya kopo, kisha pima maji na uandike pembeni kuwa ilikuwa ya mawe.

Mvua ikiwa kubwa hadi kopo likajaa? Andika "imezidi" pamoja na kiasi ulichokikuta. Siku za mvua kubwa nenda ukapime mara 2 au 3, ujumlishe.

Sipendi mvua, napenda ndege. Kanuni ni zilezile. Andika siku korongo weupe wanaotoka Ulaya walipofika bondeni kwenu na siku walipoondoka. Mfugaji nyuki anaweza kuandika mti gani umechanua lini. Jambo unalolipenda likiandikwa kila siku kwa ukweli linakuwa elimu.

Kabla ya msimu

Andaa kipimo mwezi Oktoba, kabla wingu la kwanza halijakukuta ukitafuta kisu cha kukatia chupa. Anza kuandika 0 siku hiyohiyo.

Mimi siku hizi mvua ya kwanza ikinyesha sisemi tena "imeanza". Nasema: "Kopo langu hapa mjini lina milimita 14 asubuhi hii. La kwako lina ngapi?" Kisha nafungua simu. Msimu uliopita mzee wa karanga alipiga. Alisema kwake kuna milimita 8, amechimba, unyevu haujafika hata kidole kimoja, na mbegu zake bado ziko ndani ya gunia.